Sisi Mbili

Kipindi cha nne, Kidato cha Tatu B, Wete.
Umeme umekatika tangu alfajiri.
Nimechora pwani ya Amerika kwa chaki iliyolowa,
ikatoka kama mguu wa kuku.
"Hapa," nasema, "palikuwa na watu."
Naandika: Walenape. Wawampanoagi.
Wahaudenosa—
chaki inavunjika katikati ya jina.

"Wakila nini, Mwalimu?"
Ni Mize Kombo, dawati la dirishani.
Nikamwambia: hicho ulichofunga kwenye leso.
Muhogo huo ni wa ndugu zao wa kusini,
na mahindi, na pilipili,
na pera, na stafeli la uani kwenu
unalolizungushia miba lisiibwe.
Vilivuka maji, vikatufikia.
Wenyewe hawakuja navyo.
Darasa likanyamaza,
kama watu waliokwisha kula na kunawa
ndipo wakaambiwa ile ilikuwa hitima.

Nikawaeleza mishipi ya shanga,
shanga za kombe, nyeupe na zambarau,
mapatano yaliyosomwa kwa vidole:
huyu akimkabidhi yule,
na yule hana tena ruhusa ya kusahau.
Wasichana wa nyuma wakaziba midomo kwa mitandio.
Kwetu shanga zina mahali pake,
na mapatano yake hayasomwi darasani.
Nikawaacha wacheke. Nami nilicheka.
Kisha nikasema: wageni walileta karatasi.

Karatasi ina tabia,
humkumbuka aliyeshika kalamu.
Bibi Mkasi, aliyenilea, akilijua hilo.
Babu yake aliandikwa kwenye daftari la shamba
jina moja tu,
baina ya punda wawili na majamvi ya karafuu.
Hakuna "bin".
Pale pa baba waliacha wazi, pengo
la jino lililong'olewa likiwa zima.

Basi nilipofika kwenye tamko lao,
watu wote wameumbwa sawa,
nilikohoa nikajisingizia vumbi la chaki.
Mwaka ule ule, mashambani mwao,
kulikuwa na madaftari.
Na katiba ilipokuja, miaka kumi na moja baadaye,
mtumwa alihesabiwa: tatu ya tano.

Faki Shaame, bingwa wa hesabu,
alipiga hesabu kwenye kiganja, akafuta kwa mate, akarudia.
"Mbili zilizobaki, Mwalimu,
zilikatwa wapi?
Kichwani au miguuni?"

Mwongozo wa mwalimu haukuwa na jibu.
Niligeukia ubao, nikaandika walivyoanza wao:
Sisi, watu.

Nimesoma mahali
kwamba lugha nyingi za wale waliokuwapo
zina sisi mbili.
Sisi pamoja na wewe unayenisikiliza.
Sisi bila wewe.
Huwezi kutamka "nchi yetu"
bila kwanza kushika mlango,
uufungue au uufunge,
na msikilizaji anajua palepale yuko upande gani.
Kiswahili chetu kina moja,
pana kama baraza,
na atakaye hujificha humo.

"Hii ya kwenye karatasi," nikauliza, "ni sisi ipi?"

Reli ikagongwa. Viti vikaburutwa.
Nikafuta ubao, lakini chaki mbichi haifutiki,
nikayaacha yale majina ya kijivu
yakaushwe na upepo, wakutane nayo
watu wa Jiografia.

Jioni, bada la muhogo mchungu,
ulioloweshwa, ukaanikwa, ukatwangwa.
Nani wa kwanza alijua kwamba unaua?
Nani alizikwa ili ijulikane?
Na jina lake la kwanza huu muhogo,
kabla hatujaupa letu?
Mama mkwe ananisogezea sinia,
watoto wamekaa, mchuzi wa papa unatoa moshi.
Nikasema, bismillahi,
haya, tule.

Nikasita kwenye ile "tu".